Daktari kasema mapigo ya ziada ya moyo hayana madhara, lakini hofu haiondoki. Nifanyeje?

Tulizana:

Habari zenu wakuu. Naomba majibu ya watu wanaolifahamu jambo hili kwa undani, si ya kunipa moyo tu.

Vipimo vilivyofanyika: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haina tatizo, eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) haina tatizo, damu imepimwa (wingi wa damu, tezi ya thairoidi, potasiamu, magnesiamu) na yote yako ndani ya viwango. Holta ya saa 24 (kifaa cha kuvaa kinachorekodi mapigo ya moyo) ilihesabu mapigo 98,000, na kati yake 412 ni ya ziada kutoka ventrikali, yote ya mojamoja. Daktari wa moyo amesema hayana madhara na hana haja ya kuniona tena mpaka dalili zibadilike.

Maswali yangu ni matatu. Kama kweli hayana madhara, kwa nini yanahisiwa kana kwamba moyo umesimama, halafu ukapiga kifua ngumi kwa ndani? Nitajuaje kwamba ya leo ni yale yale na si kitu kingine? Na hofu yenyewe inatibiwa vipi, hatua kwa hatua? Ushauri wa "usiwe na wasiwasi" haunisaidii kwa sababu haunionyeshi njia.

---

Fundi wa Eko:

Mkuu, nianze na swali la kwanza. Mtu akielewa kinachotendeka ndani ya zile sekunde mbili, hofu hupungukiwa na chakula.

Pigo la kawaida huanzia kwenye kifundo kidogo cha seli kilichoko juu kabisa ya chemba ya kulia. Umeme hutoka hapo, hushuka katikati ya moyo, kisha husambaa kwenye ventrikali, yaani chemba mbili za chini zinazosukuma damu. Lakini si seli za kifundo hicho peke yake zinazoweza kuwasha umeme. Sehemu nyingine za moyo pia zinao uwezo huo, na mara mojamoja moja hutangulia zamu. Hilo ndilo pigo la ziada.

Sasa chukua moyo unaopiga mara 60 kwa dakika, kila pigo likifuata jingine baada ya sekunde 1. Tuseme pigo la ziada limetokea sekunde 0.6 baada ya pigo la kawaida. Ventrikali haijajaa, kwa hiyo linasukuma damu kidogo, na mara nyingi kidole kilichoko kwenye mkono hakilisikii kabisa. Zamu ya kawaida inapofika, umeme unakuta msuli wa ventrikali bado haujawa tayari kuwaka tena, unapita bure. Moyo unasubiri zamu nyingine, na hapo zinapita sekunde 1.4. Jumlisha 0.6 na 1.4 unapata 2. Kwa hiyo mkononi unahisi pengo la sekunde 2 ambalo ndani yake kumbe kulikuwa na pigo.

Katika zile sekunde 1.4 ventrikali imepata muda wa kujaa kuliko kawaida, na msuli wa moyo ukivutwa zaidi hujikaza kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ya Frank na Starling, na kila mwanafunzi wa udaktari huisoma. Pigo linalofuata linatoka na shehena kubwa. Ngumi unayoihisi ni hilo. Yaani kinachokushtua ni pigo la kawaida lililojaa vizuri; lile la ziada lenyewe lilishapita kimyakimya.

Sasa hesabu. Mapigo 412 kati ya 98,000 ni asilimia 0.42, chini ya pigo 1 kati ya 200. Madaktari huanza kufuatilia nguvu ya moyo kwa karibu pale mapigo ya ziada yanapozidi asilimia 10 ya mapigo yote ya siku. Kwa hesabu yako hayo yangekuwa karibu 9,800. Holta za saa 24 hadi 48 zikifungwa kwa watu wenye afya, huonyesha mapigo ya ziada ya ventrikali kwa asilimia 40 hadi 75 yao, na wengi hawahisi chochote. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa watu 73 wasio na dalili, wenye mapigo ya ziada mengi kuliko yako kwa mbali, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 6.5. Umri wao wa kuishi haukutofautiana na wa watu wengine wenye afya.

Jambo moja ambalo watu hawaambiwi mapema: idadi hubadilika sana siku hadi siku. Aliyehesabiwa 412 leo anaweza kupata 60 kesho na 1,500 wiki ijayo bila chochote kuharibika. Ukilijua hili, siku ya mapigo mengi haitakuwa habari mpya.

Kuhusu swali la pili, zishike hizi, kwa sababu ndizo zinazobadilisha uamuzi:

Kuzimia, au kukaribia kuzimia kabisa, hasa katikati ya mazoezi au ukiwa umelala. Maumivu ya kifua ya kubana au kulemea yasiyoondoka, hasa yakienda kwenye taya au mkono. Kukosa pumzi kusikoendana na ulichokuwa ukifanya. Moyo kuanza ghafla kwenda mbio, zaidi ya mapigo 120 kwa dakika ukiwa umepumzika, na kukaa hivyo. Mdundo uliovurugika muda wote bila mpangilio wowote, badala ya mdundo wa kawaida wenye kijipengo hapa na pale. Mapigo ya ziada yanayoongezeka kadiri unavyozidi kujituma mwilini. Yasiyo na madhara kwa kawaida hupotea moyo unapokwenda kasi. Na hata kama huna dalili yoyote kati ya hizi, mwambie daktari ikiwa kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa na umri chini ya miaka 40.

Kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi na mbio zisizokoma ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Yaliyobaki, panga miadi. Kama hakuna lolote kati ya hayo, pigo la leo ni lile lile la jana.

---

Pumzi na Fikra:

Fundi ameeleza moyo vizuri, mimi nishike hofu. Swali la tatu ndilo lenye kazi.

Hofu hii hujizungusha yenyewe. Pigo linashtua, akili inauliza "je, ndiyo basi?", mwili unamwaga adrenalini, adrenalini inazifanya seli za moyo ziwe nyepesi kuwaka, mapigo mengine mawili matatu yanatokea, na akili inayachukua kuwa ushahidi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mzunguko huu kwa shambulio la hofu: kinachouendesha ni tafsiri ya balaa inayopewa hisia ya kawaida ya mwili. Malalamiko yenyewe ni ya zamani zaidi. Jacob Mendes Da Costa, daktari wa Marekani, mwaka 1871 aliandika juu ya askari waliolalamikia moyo kudunda na pumzi kukatika, naye akiwapima haoni ugonjwa wa moyo.

Watu wengi hukosea wanapoweka lengo la kuyakomesha mapigo. Lengo hilo linakufanya uyasubiri, na anayeyasubiri huyasikia yote. Lengo linalofanya kazi ni kwamba pigo likija, lisibadilishe unachofanya. Linaonekana dogo, lakini matibabu yote yanalizunguka hilo.

Anza na sekunde kumi za kwanza. Pigo likigonga, watu karibu wote hufanya yale yale: husimama walipo, huzuia pumzi, hukaza kifua, huweka mkono kifuani au vidole shingoni. Kila kimoja kinauambia ubongo kwamba kuna hatari. Badala yake, mkono uendelee na ulichokuwa unafanya. Kama ulikuwa unatembea, tembea. Toa pumzi taratibu mara moja, bila kuivuta kwanza kwa nguvu. Lipe jina lake moyoni, "pigo la ziada", bila "labda" wala "natumaini". Kisha rudisha macho na masikio kwenye kazi. Hakuna zaidi ya hapo. Usingoje kuona kama litafuata jingine. Kungoja ni kupima kwa njia nyingine.

Hatua ya pili ni kupunguza ukaguzi, nayo inahitaji nidhamu kuliko zote. Kwa siku mbili, hesabu tu ni mara ngapi unashika mshipa, unatazama saa janja, unatafuta dalili mtandaoni, au unamuuliza mtu wa nyumbani "unaonaje, niko sawa?". Weka alama kwenye karatasi, usijizuie bado. Watu hushangaa wakikuta alama 30 au 40 kwa siku. Wiki inayofuata, ruhusu ukaguzi mara tatu tu, kwa saa ulizopanga, si kwa saa ambazo hofu inadai. Wiki ya pili, mara moja. Wiki ya tatu, hakuna. Hamu ya kukagua ikija nje ya muda, iahirishe kwa dakika 5, kisha 10, kisha 20. Utaiona inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka bila wewe kufanya lolote. Lazima uione ikishuka yenyewe, kwa sababu hilo huwezi kulijua kwa kuelezwa.

Hapa mpango huharibika kwa njia inayojificha. Mtu anaacha kushika mkono, anaanza kulaza sikio kwenye mto asikilize. Anaacha kutafuta dalili mtandaoni, anaanza kusoma nyuzi za watu wengine wenye tatizo hilo. Anaacha kumuuliza mwenzake, anaanza kumtazama usoni. Ukaguzi umehamia mlango mwingine tu. Uhesabu nao.

Kwa watu wa nyumbani, kubalianeni mapema juu ya jibu moja. Ukiuliza kama uko salama, wasiseme "ndiyo, uko salama", kwa sababu faraja hiyo hudumu dakika chache na swali hurudi likiwa na njaa zaidi. Waseme: "Hilo ni swali la wasiwasi, tulishalijibu. Twende tuendelee." Waliseme kwa upole, na kila mara walirudie lile lile.

Hatua ya tatu ni kuutafuta mdundo kwa makusudi. Inatisha kusikia, ndiyo maana iko ya tatu. Kabla ya kuanza, andika utabiri wako na unavyouamini: "Nikikimbia papo hapo dakika 1 nitaanguka, naamini kwa asilimia 70." Kimbia papo hapo sekunde 60, magoti juu. Kaa chini. Usishike mshipa, usinywe maji ya kujituliza, usifungue dirisha. Andika hofu yako kati ya 0 na 10. Ngoja mpaka ishuke kwa nusu, kisha rudia, mara 3 hadi 5 kwa kikao, kikao kimoja kwa siku. Mwisho andika kilichotokea mbele ya ule utabiri. Hofu ikianzia 2 au 3 badala ya 8, ongeza: dakika 2, kisha ngazi za ghorofa mbili, kisha ngazi hizo hizo ukiwa peke yako na simu ukiwa umeiacha ndani.

Utakutana na jambo moja ambalo huwarudisha nyuma wengi: mapigo ya ziada hupenda kutokea dakika chache baada ya kuacha kukimbia. Adrenalini bado iko kwenye damu huku mwendo wa moyo ukishuka, na mapengo kati ya mapigo yanarefuka. Tarajia hivyo. Yakija, zoezi limefanya kazi yake, kwa sababu sasa unajifunza kukaa nayo.

Zoezi hili ni la mtu ambaye vipimo vyake vimeshatoka safi kama vyako. Asiyepimwa, mjamzito, au mwenye pumu isiyodhibitiwa aongee na daktari kwanza.

Ukipata mwanasaikolojia anayejua tiba ya fikra na tabia, mpango huu kwa kawaida huchukua vikao kati ya 7 na 14 vya saa moja moja. Mwulize waziwazi kabla ya kuanza: "Je, tutafanya mazoezi ya kuleta dalili?" Akisema mtazungumza tu na kujifunza kutulia, tafuta mwingine.

---

Saa Haisemi Yote:

Naongezea kuhusu saa janja, maana nimeona imetajwa kwa kupita, na kwa tatizo hili hasa ndiyo inayosumbua watu zaidi.

Taa ya kijani nyuma ya saa inapima damu inayopita kwenye ngozi, haipimi umeme. Pigo la ziada linasukuma damu kidogo, kwa hiyo saa mara nyingi hailioni. Likija pigo moja la ziada baada ya kila pigo la kawaida kwa dakika kadhaa, jambo linalotokea kwa watu wenye mioyo mizima, moyo unaopiga mara 80 utaandikwa 40. Mtu anaona 40, anatetemeka, anaamini moyo unazimika. Kifaa cha kubana kidole na mashine ya presha vina kasoro hiyo hiyo.

ECG ya saa nayo hurekodi njia moja tu kwa sekunde 30. Ni nzuri kwa kazi moja: ukiwa na mdundo uliovurugika kwa muda mrefu, rekodi moja humsaidia daktari kujua ni nini. Haiwezi kuonyesha kama mshipa wa moyo umeziba. Na mapigo ya ziada yakiwa mengi ndani ya zile sekunde 30, saa huandika kwamba haikuweza kuamua. Watu husoma hilo kama hukumu, wakati maana yake ni kwamba programu haikupata mdundo unaolingana na makundi machache iliyofundishwa.

Pendekezo langu: zima taarifa zote za mapigo ya moyo, ondoa namba ya mapigo kwenye uso wa saa, na saa yenyewe usilale nayo. Ikishindikana, ivue kwa wiki nne.

Na nimsahihishe kidogo yeyote atakayekuja kushauri kupumua tu. Kupumua polepole kunasaidia: vuta kwa pua sekunde 4, toa sekunde 6, jumla mara 6 kwa dakika, kwa dakika 5 hadi 10, tumbo ndilo linalopanda. Ila kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza, watu huvuta pumzi kubwa mno, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, vidole vinawasha na kichwa kinakuwa chepesi, nao wanadhani ni moyo. Pumzi iwe ndogo na ya polepole. Mtego wa pili, moyo ukitulia mapengo yanarefuka, na mapigo ya ziada yanaweza kuonekana zaidi. Ukipumua ili kuyakomesha, utasema mbinu imeshindwa. Fanya zoezi kwa saa maalumu kila siku, si kama dawa ya kukimbilia kila pigo linapogonga.

Tena, mtu akipumua hivyo huku ameshika mshipa atagundua moyo unakwenda haraka akivuta na taratibu akitoa. Hiyo ni kawaida kabisa, hasa kwa vijana. Usiiongeze kwenye orodha ya hofu.

---

Tulizana:

Asanteni sana, ndugu zangu. Hesabu ya sekunde 2 imenifungua macho. Nina vipengele vilivyobaki. Kwa nini ni mabaya zaidi usiku, hasa kwa ubavu wa kushoto? Kahawa niache au la? Na kuna dawa au vidonge vya magnesiamu vinavyofaa kuombwa?

---

Fundi wa Eko:

Usiku kuna mambo matatu kwa pamoja. Mwendo wa moyo unashuka, hivyo seli inayotaka kutangulia zamu inapata nafasi. Ukilala kwa ubavu wa kushoto, ncha ya moyo inasogea karibu na ukuta wa kifua na kila pigo linasikika. Na chumba kiko kimya, akili haina kazi nyingine. Kulala kushoto hakudhuru moyo mzima. Ukitaka kulala kulia ili upate usingizi, lala. Ukiona umekuwa mwiko, yaani hulali tena kushoto kwa hofu, anza kurudi kushoto dakika 5 kila usiku, kama zoezi. Ukikaa kitandani kama dakika 20 unasikiliza, toka, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na skrini mpaka usingizi uje.

Mlo mzito na tumbo lililojaa gesi pia huyaamsha, kwa sababu neva ya vagasi inahudumia tumbo na moyo pia. Acha saa 3 kati ya mlo mkubwa na kulala.

Kahawa si mchawi kama inavyosemwa. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2023 ambalo watu 100 walivaa vipimo, siku nyingine wakinywa kahawa, siku nyingine wakiiacha. Mapigo ya ziada ya chemba za juu hayakuongezeka kwa maana. Ya ventrikali yaliongezeka kiasi, na siku za kahawa walilala takriban dakika 36 pungufu. Kwa hiyo jaribu mwenyewe: wiki mbili bila, wiki mbili na kikombe kimoja cha asubuhi. Usiache ghafla kama unakunywa vikombe vingi, kichwa kitauma siku mbili tatu na moyo utasingiziwa. Vinavyostahili kushukiwa kabla ya kahawa ni pombe, nikotini, usingizi mfupi, na dawa za kufungua pua zenye pseudoefedrini. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, nayo huyaongeza, lakini usiiache bila daktari, kwa sababu pumu inaua na mapigo haya hayaui.

Ukiandika kumbukumbu za usingizi, pombe na kahawa, ziandike wiki mbili, zisome, kisha lifunge daftari. Likiendelea mwezi wa pili limeshakuwa ukaguzi.

---

Mlango wa Dawa:

Kuhusu vidonge. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni takriban 3.5 hadi 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Umesema yako iko ndani ya viwango, basi tembe za potasiamu hazina cha kurekebisha, na zikizidi zenyewe huvuruga mdundo wa moyo. Magnesiamu ya ziada kwa mtu mwenye figo nzima kwa kawaida huishia kulegeza tumbo; kwa mwenye figo dhaifu hujikusanya na kuleta hatari. Usitumie yoyote kati ya hizi kwa kuambiwa mtandaoni, hata humu.

Dawa za kuzuia beta (beta-blockers), kama propranololi au bisoprololi, daktari huweza kuzitoa ngumi inapokuwa kero kubwa. Faida yake kubwa ni kupunguza nguvu ya ile ngumi ya pigo na makali ya adrenalini. Idadi hushuka kwa baadhi tu ya watu. Hazifai kwa mwenye pumu, na ukizitumia kila siku usiziache ghafla, moyo hurudi na mbio. Kuna mtego wa kisaikolojia pia: anayebeba kidonge mfukoni "kwa dharura" kila aendapo amekigeuza kuwa hirizi. Kama unatumia, tumia kwa ratiba ya daktari.

Watu huuliza kwa nini hawapewi dawa kali ya kuyafuta kabisa. Jibu lilipatikana kwa gharama. Jaribio la CAST la Marekani liliwapa watu waliopata shambulio la moyo dawa za enkainidi na flekainidi, na dawa hizo zilifanikiwa kuyafuta mapigo ya ziada. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa, kwa sababu waliopewa dawa walikufa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wale walikuwa na mioyo yenye makovu, tofauti na wako, lakini funzo lilibaki: kulifuta pigo si sawa na kumlinda mtu. Daktari anapokataa kukupa dawa ya namna hiyo, hajakupuuza.

Hofu ikiwa nzito mno kiasi cha kushindwa kazi au usingizi, dawa za wasiwasi kama sertralini ni chaguo halali pamoja na tiba ya mazungumzo. Jiandae kwa mambo mawili. Wiki ya kwanza na ya pili zinaweza kuongeza moyo kudunda kabla ya kutuliza, na wengi huziacha hapo hapo. Nafuu huchukua kama wiki 4 hadi 6. Baadhi ya dawa za jamii hiyo, citalopramu ikiwemo, kwa dozi kubwa hurefusha kipindi fulani kwenye ECG, kwa hiyo mweleze anayekuandikia historia yote ya moyo na dawa nyingine unazomeza.

Mbinu za kukohoa kwa nguvu, kujikamua, au kuchovya uso kwenye maji baridi zina kazi kwa aina nyingine ya mbio za moyo. Kwa pigo moja moja la ziada hazina kazi, maana likishahisiwa limeshakwisha. Na usikande mshipa wa shingo mwenyewe.

---

Pumzi na Fikra:

Tulizana, nimalizie kwa kitu kitakachokukuta karibu na wiki ya nne au ya tano. Utakuwa umekaa siku kadhaa bila kufikiria moyo, halafu yatakuja mapigo kumi ya ziada, ya mojamoja, ndani ya saa moja, labda baada ya usiku mbovu au mafua. Hofu itaruka hadi 8. Hujarudi mwanzo. Siku hiyo usiongeze ukaguzi wala usiombe Holta nyingine. Pitia zile dalili za Fundi mara moja tu, kwa macho, bila kidole kwenye mshipa. Kama haipo hata moja, fanya zoezi la siku hiyo kama lilivyopangwa, kwa muda ule ule, na uandike namba ya hofu kabla na baada. Baada ya siku tatu linganisha namba hizo na za wiki ya kwanza.